Mgeni Aliyekuja Kutazama Gofu

Mwalimu Cuthbert wa Lulindi alipenda vitu viwili bila kificho: mke wake Emilia, na gofu. Cha kwanza hakikumshangaza mtu. Cha pili kilikuwa kichekesho cha kijiji kizima.

Gofu aliipata kwa padre mmoja Mwingereza aliyekaa misheni kabla ya vita, mtu mrefu mwenye maumivu ya mgongo, ambaye kila jioni baada ya sala alitoka na fimbo moja na mipira mitatu kwenda kiwanja cha shule. Cuthbert, wakati huo mwalimu kijana, alikwenda kutazama kwa adabu tu. Siku ya tatu akaomba ajaribu. Padre alipohamishwa alimwachia fimbo ile na mipira miwili, na miaka mingi akawa anamtumia magazeti ya kwao kwa posta. Yalifika yamechelewa miezi mitatu, minne. Cuthbert akiyafungua hakuanza na habari za mfalme wala za vita. Alianza na matokeo ya gofu.

Mtu mwingine kijijini aliyeielewa gofu alikuwa mwanawe, Cecil. Emilia alizaa watoto wanne akabaki na huyo mmoja. Baba na mwana walizika makopo matatu ya maziwa nyuma ya shule, kila kopo mbali na mwenzake, katikati ya matuta ya mihogo, wakacheza humo miaka kumi. Cuthbert alimfundisha kijana kuinua fimbo polepole, na ikifika juu kabisa aitulize kidogo kabla ya kuiteremsha. "Tulia pale juu," alimwambia. "Kama mtu aliyeitwa na anasikiliza ni nani." Emilia alitoka jikoni akapiga kelele, "Baba Cecil! Mihogo yangu mnaikata vichwa!" Nao wakacheka, wakaendelea.

Mwaka 1949 bandari mpya ilianza kujengwa Mtwara, na vijana wengi wa Masasi na Newala wakashuka pwani kutafuta kazi. Cecil naye akaenda. Mwaka uliofuata ikaja barua. Aliandika kwamba amepata kibarua katika kiwanja cha gofu cha Wazungu, karibu na mji wa zamani wa Mikindani, na kwamba katika mji huo huo amempata binti wa watu wema, na sasa anataka kumposa. Watu hao ni Waislamu, na yeye amekwisha silimu. Aliomba radhi ya baba na mama.

Cuthbert aliisoma barua akiwa amesimama. Bibi yake mzaa baba aliuzwa katika mji ule ule wa Mikindani akiwa mtoto mdogo. Manowari ya Waingereza iliwakamata waliomchukua, akalelewa misheni Unguja, akarudi bara pamoja na mapadre waliofungua misheni ya Masasi. Nyumbani kwao hadithi hiyo ilisimuliwa kila mwaka, na ubatizo ulikuwa sehemu ya hadithi. Usiku huo aliandika jibu, na asubuhi akalipeleka posta mwenyewe ili Emilia asipate nafasi ya kumzuia.

"Bibi yangu aliingia mji huo na kamba shingoni," aliandika. "Wewe umeingia kwa miguu yako. Usiniandikie tena. Nilikuwa na mtoto mmoja, amekufa."

Na si kwamba aliandika tu. Jumapili iliyofuata, walimu wenzake walipomuuliza habari za kijana wa Mtwara, aliwaambia vivyo hivyo, amekufa. Nguo za Cecil akazigawa. Makopo akayafukua. Emilia hakubishana naye. Ila tangu siku ile hakumwita tena Baba Cecil. Alimwita Mwalimu, kama watu wengine wote.

Waliishi hivyo miaka sita.

Mwezi wa tano mwaka 1956, Emilia alikuwa amelala hospitali na tumbo lililovimba, waganga wameshakata tamaa. Cuthbert alikaa pembeni ya kitanda siku kumi na moja. Siku ya tisa Emilia alimshika mkono, akamwambia, "Baba Cecil."

Cuthbert akainua kichwa.

"Nikifa, nenda ukamwambie mtoto. Nenda mwenyewe, kwa mdomo wako. Usiandike barua."

"Nitakwenda."

"Usiandike barua," akarudia.

Alimzika Lulindi, shule ikafungwa siku mbili. Kisha akangoja likizo ya mwezi wa nane, kwa sababu ya shule, aliwaambia watu, na kwa sababu aliogopa, ingawa hilo hakumwambia mtu. Kutoka kwa mtu aliyewahi kufanya kazi bandarini alijua kwamba Cecil siku hizi anaitwa Mrisho, na kwamba mwezi wa nane, Jumamosi moja, Wazungu wa kile kiwanja huwaachia wafanyakazi na wabeba fimbo wao wacheze mashindano yao wenyewe. Watu wa mji mzima huenda kutazama.

Alipanda uwanda wa juu kwa baiskeli hadi Newala, akalala kwa jamaa zake, baridi ikimwingia hadi kwenye mifupa. Kulipokucha akaiacha baiskeli pale, akapata nafasi juu ya lori la magunia ya mihogo mikavu. Safari nzima, Nanyamba na kuendelea, alikuwa akipanga maneno. Alipanga ya kusema kama Cecil akimkumbatia, na ya kusema kama akimfukuza. Lori lilipoanza kuteremka na hewa kuwa ya joto na unyevu, aligundua kwamba maneno yote ameyasahau.

Hakuwahi kuuona mji ule. Alikuwa ametarajia mahali pa kutisha. Aliona nyumba za mawe na chokaa zilizochoka, milango ya nakshi iliyokauka kwa jua, wanawake wamekaa vibarazani wakichambua mchele, na juu ya kilima boma la Wajerumani linameguka kidogo kidogo. Mama mmoja alimwonyesha njia ya kwenda kiwanja cha gofu kabla hata hajamaliza kuuliza.

Kiwanja chenyewe kilipita kati ya minazi. Penye mashimo hapakuwa na majani kama katika picha za magazeti ya padre. Palikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, umekandwa hadi ukawa laini. Cuthbert aliinama akaugusa kwa kidole. Hata siku ile, na mzigo aliokuwa nao, kidole kilifurahi.

Watu walikuwa wengi. Alijipenyeza hadi kwenye kivuli cha mnazi, akasimama kando ya mzee mmoja mwenye kofia safi na mikono yenye mabaka meupe ya chokaa. Wachezaji wawili wa mwisho walikuwa wanakuja shimo la saba. Mmoja wao aliinua fimbo polepole, ikafika juu, ikatulia.

Cuthbert alishika shina la mnazi.

"Umeona?" mzee wa chokaa akamwambia. "Umeona anavyotulia pale juu? Hata Wazungu wanamwiga. Yule mkwe wangu, Mrisho."

"Nimeona," Cuthbert akasema.

"Wewe mgeni. Unatoka wapi?"

"Bara. Lulindi, upande wa Masasi."

"Umetoka huko kote! Umefuata nini?"

Jibu la kweli lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa bado anamtazama yule kijana, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye ndevu fupi, akitembea na mabega ya Emilia.

"Nimekuja kutazama gofu," akasema. "Ninaipenda sana gofu."

Mzee akacheka kwa furaha, akampa mkono. Aliitwa Bwanali, fundi mwashi, mtengenezaji wa zile nyumba za mawe. Akamwambia mpira wa Mrisho uko wapi, nani yuko mbele, nani anamfuata. Cuthbert naye akaanza kumweleza mambo: kwa nini Mrisho amechukua fimbo ile na si nyingine, upepo utausukuma mpira wapi. Bwanali akamtazama kwa heshima mpya. "Wewe unaijua! Mimi nakuja miaka sita nashangilia tu, sijui ninachoshangilia."

Wakafuatana na umati hadi shimo la nane.

"Mkwe wangu naye ni mtu wa bara, upande huo huo wenu," Bwanali akasema wakitembea. "Maskini, yatima. Baba yake alikufa, mama yake alikufa, hana mtu. Alipokuja kuposa nilimwambia, basi, mimi ndiye baba yako. Posa za watu wenye wazazi zina maneno mengi. Yake haikuwa na maneno."

Cuthbert akaelewa. Cecil alikuwa amewazika wote wawili, yeye na mama yake. Na kwa mmoja wao sasa ilikuwa kweli.

Shimo la tisa Mrisho alifika akiwa sawa na mwenzake. Mpira wake ulisimama hatua mbili kutoka shimoni, hatua mbili za mchanga uliopigwa ubao ukawa kama meza. Hata mtoto angeuingiza. Aliinama, akaupima, kisha akainua macho kumtafuta mkwewe katika umati, kama alivyozoea. Akamwona. Akamwona na aliyesimama kando yake.

Hakuna aliyejua kwa nini alikaa muda mrefu hivyo. Mwishowe aliusukuma mpira, ukapita pembeni ya shimo, ukaenda zake. Watu wakaguna. Mwenzake akauingiza wa kwake, wakambeba juu.

Mrisho alikuja moja kwa moja pale chini ya mnazi, jasho likimtiririka. Bwanali akaanza kumpa pole, kisha akakumbuka mgeni.

"Mrisho, msalimie mzee huyu. Ametoka Lulindi kuja kututazama. Gofu anaijua kama kitabu."

Walitazamana. Cuthbert aliona macho yale yakimwomba kitu, na kwa mara ya kwanza maishani hakungoja aambiwe ni nini.

"Shikamoo, mzee," Mrisho akasema.

"Marahaba, mwanangu," Cuthbert akajibu, kama mtu mzima yeyote anavyomjibu kijana yeyote.

Bwanali hakukubali mgeni aondoke bila kula. Nyumbani kwake, barazani, walitandikiwa mkeka. Mke wa Mrisho, Somoe, alitoka na sinia la wali na samaki, akamsalimia mgeni kwa kupiga goti kidogo, akarudi ndani. Nyuma ya khanga yake alijificha mtoto wa kike wa miaka kama minne. Alichungulia mara moja, na paji lake la uso lilikuwa la Emilia. Cuthbert akatazama kwingine upesi.

"Watu wa huko bara mnatuchukia sisi wa mji huu," Bwanali akasema kwa utani, wakisubiri maji. "Mnasema tuliwauza."

"Bibi yangu aliuzwa hapa, manowari ikamwokoa baharini," Cuthbert akasema. Hakukusudia kulisema.

Bwanali akatikisa kichwa taratibu. "Na bibi yangu alishushwa hapa hivyo hivyo, kutoka Ruvuma. Ila yeye hakupata mtu wa kumwokoa. Alibaki. Akaolewa, akazaa, ndiyo sisi hawa."

 Miaka sita Cuthbert alikuwa na neno la kujibu kila hoja, lakini hii hakuwahi kupewa.

Mrisho alikuja na birika na bakuli, akapiga magoti kuwanawisha wakubwa. Alianza na mgeni. Maji ya uvuguvugu yalikuwa yanaanguka kwenye mikono ya Cuthbert Bwanali alipouliza, "Haya, habari za huko kwenu? Mvua? Wazima?"

"Mvua ilikuwa nzuri," Cuthbert akasema. "Mihogo imetoka. Wazima tupo. Ila mwezi wa tano tulipata msiba. Tumemzika mama mmoja, mke wa mwalimu wa shule. Emilia. Labda kijana huyu anamjua, kama ni mtu wa upande ule."

Maji hayakukoma. Yaliendelea kumiminika juu ya mikono iliyokwisha kunawa, yakajaa bakuli, yakamwagika mkekani.

"Mrisho!" Bwanali akasema.

Mrisho akainua birika. "Samahani. Namjua," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Namjua yule mama. Aliumwa nini?"

"Tumbo. Siku kumi na moja hospitali."

"Aliumia sana?"

"Siku za mwanzo. Mwisho alilala."

"Inna lillahi," Bwanali akasema. "Ameacha watoto?"

"Mmoja. Alimtaja mpaka siku ya mwisho. Alitaka aambiwe kwa mdomo, isiwe kwa barua."

"Na huyo mtoto yuko wapi?"

"Baba yake alimfukuza."

"Kwa nini?"

"Kwa kiburi," Cuthbert akasema. Hakuwa anamtazama Bwanali tena. "Alimwambia kila mtu kwamba mwanawe amekufa. Alikosa sana. Sasa analijua hilo."

Bwanali akasonya. "Baba wa namna gani huyo!"

Mrisho alichukua bakuli lililojaa, akasema anakwenda kumwaga. Walisikia maji yakimwagwa uani, kisha maji yakichotwa mtungini, yakamwagwa tena, na tena, kama mtu anayenawa uso na hawezi kumaliza. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akakaa, akala matonge matatu. Cuthbert aliyahesabu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza hata moja. Bwanali alimsukumia kipande kizuri cha samaki, akidhani mgeni anaona haya.

Jioni Mrisho alimsindikiza hadi penye malori. Walipoziacha nyumba za mwisho, Cuthbert akasimama.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi."

"Najua," Cecil akasema. "Nimesikia pale barazani."

"Basi nisamehe."

Cecil akamgeukia. "Baba, nilikuandikia barua tatu baada ya ile yako. Ulizipata?"

"Nilizipata."

"Ulizisoma?"

"Nilizichoma."

"Mama alijua?"

"Hapana."

Hapo ndipo Cecil alipolia, amesimama wima, mikono imeshuka, kama alivyolia alipokuwa mdogo. Cuthbert alinyoosha mkono, naye akarudi nyuma hatua moja.

"Moja ilikuwa yake," akasema. "Ndani niliandika kwa Mama peke yake. Nikangoja. Nikaona hata Mama amekubali kwamba nimekufa. Ndipo nikasema kwa watu, sina baba, sina mama. Miaka sita nimemkasirikia Mama, kumbe hakupata."

Cuthbert akatazama mikono yake iliyozichoma.

"Na sasa siwezi kumwambia Mzee Bwanali," Cecil akaendelea. "Alinichukua kwa sababu ya uyatima wangu. Nimwambie nini? Kwamba nilikula chakula chake kwa uongo miaka sita?"

"Usimwambie. Mimi ni mpenzi wa gofu tu. Nitakuja tena mwakani, nitasimama chini ya mnazi, nitakutazama. Sitasema neno. Sitadai hata uniite baba."

Lori lilipiga honi. Cecil akamshika mkono, akauachia.

"Safari njema, mzee," akasema, ingawa hapakuwa na mtu wa kuwasikia.

Mwaka ule Cuthbert hakuandika barua, kwa sababu Emilia alimkataza. Alihesabu wiki. Mwezi wa nane ulipofika alipanda tena uwanda hadi Newala, akateremka tena hadi pwani, na kitambaa cha kumpa mtoto kikiwa mfukoni. Bwanali alikuwa chini ya mnazi ule ule, peke yake. Alikuwa amekonda.

"Mgeni wangu!" akasema. "Umekuja bure. Mrisho hachezi."

"Anaumwa?"

"Amehama. Ulipoondoka haikupita miezi miwili. Fimbo hakuigusa tena. Usiku halali. Akaniomba ruhusa, akamchukua Somoe na mtoto, wamekwenda Dar es Salaam. Mimi nilizoea yule mtoto, nikifika na chokaa yangu ananikimbilia." Akajifuta jasho. "Barua ni moja tu. Mimi nasoma Kiarabu, herufi hizi za Kizungu sizijui. Karani mmoja alinisomea kwa haraka, nikaona aibu kumrudisha nyuma. Wewe unasoma?"

"Nilisoma kidogo misheni," Cuthbert akasema.

Bwanali akaitoa kwenye kofia. Mwandiko ulikuwa ule ule, herufi zimelala kidogo kulia, kama Cuthbert mwenyewe alivyozifundisha ubaoni. Akasoma kwa sauti, kelele za mchezo zikiwa mbali upande wa shimo la tatu.

"Baba, shikamoo. Sisi hatujambo, Somoe anakusalimu sana, mtoto anakuulizia. Nimepata kazi ya ghala. Hapa kuna kiwanja kikubwa cha gofu, napita kando yake kila asubuhi, siingii. Yule mzee wa Lulindi akija kutazama mchezo, mpe chakula, asilale njiani. Lakini mwambie asije huku kunitafuta. Mwambie sina hasira naye. Mwambie nilijaribu, nikashindwa. Wako mtoto wako, Mrisho."

Akaikunja.

"Hapo mwisho ndipo karani aliponichanganya," Bwanali akasema. "Kwa nini umtafute? Kuna nini kati yenu?"

Cuthbert angeweza kusema. Mzee aliyekuwa mbele yake alikuwa mtu mwema, labda angesamehe, labda wangepanda lori pamoja kwenda Dar es Salaam. Lakini uongo ule haukuwa wake. Ulikuwa wa Cecil, naye alikuwa amemwahidi.

"Siku ile njiani nilimkosoa mchezo wake," akasema. "Nilimkosoa vibaya. Nilipita kiasi."

"Kwa gofu tu?"

"Kwa gofu tu."

Bwanali alimtazama kwa muda, kama mwashi anayetazama ukuta na hajui ufa umeanzia wapi. Hakuuliza zaidi. Alisogea kidogo mgeni apate kivuli.

"Nisomee tena," akasema. "Polepole. Pale penye mtoto."

Cuthbert akaifungua barua, akarudi mwanzo.